Mgongo Hauonekani Kwenye Kioo

Mwanangu, nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi kaka yangu Rama alipoinua mkono kuchukua shati lake kwenye msumari wa ukutani, mkono ukaishia usawa wa kidevu. Akajaribu tena. Ukaishia palepale. Mimi nilikuwa mlangoni nachambua mchele, nikadhani anafanya mzaha, maana Rama alikuwa mtu wa mizaha. Kisha nikaona jasho limemtoka kwenye paji la uso, na jua lilikuwa bado halijapata nguvu.

"Zaina," aliniambia kwa sauti ya chini, "nipe hilo shati. Na usimwambie mama."

Hivyo ndivyo hofu ilivyoingia nyumbani kwetu. Haikubisha hodi.

Nakusimulia haya kwa sababu kila jioni nikirudi sokoni nakuona wewe na wenzako pale kwenye jimu ya kando ya barabara, hapa Mabwerebwere, mmejipanga mbele ya kile kioo kikubwa. Mnainua vyuma, mnajitazama, mnajipiga picha kwa simu. Sina ubaya na vyuma. Mwili wenye nguvu ni neema, na kijana anayetoka jasho jioni ni afadhali kuliko anayelitafuta vilabuni. Ila kioo huonyesha mbele peke yake, na mimi nimeona kwa macho yangu mahali ambapo kupenda mbele peke yake kulitufikisha. Nusura kutufikishe kwenye damu. Kaa basi, nikueleze kwa mpango.

Rama alikuwa kuli kwenye ghala moja la mpunga na mbegu, karibu na njia ya reli hapa Kilosa. Kila alfajiri vijana walijipanga mbele ya ghala wakiwa wamevua mashati, na msimamizi akapita akiwatazama kama mtu anayechagua ng'ombe mnadani. Mwenye kifua kipana aliitwa. Mwembamba alirudi kwao. Hakuna aliyewahi kuambiwa ageuke. Kwa hiyo vijana wakajifunza upesi kinachonunuliwa. Walimimina zege kwenye makopo ya maziwa, wakachomeka bomba la chuma katikati, na kila jioni nyuma ya nyumba yetu walilala juu ya benchi wakisukuma juu, wakisukuma juu, kifua na mikono, kifua na mikono. Asubuhi gunia begani, jioni zege kifuani.

Mkubwa wao waliyemwita Tingatinga, kwa jinsi alivyokuwa akisukuma kila kilicho mbele yake, alikuwa na msemo wake. Mtu akimwambia ajinyooshe au afanye zoezi la kuvuta, alijibu, "Mgongo hauna mnunuzi," na wote wakacheka.

Mimi ni mtu wa kutazama, Mungu aliniumba hivyo. Niliona mabega ya kaka yangu yakisogea mbele mwaka hadi mwaka, kama milango miwili inayotaka kukutana. Niliona kwamba akisimama wima, mikono imening'inia, viganja vyake havitazami mapaja kama vya watu wengine. Vilitazama nyuma. Niliona, lakini sikujua nimeona nini.

Aliyejua kidogo alikuwa Bibi Mwasiti, jirani yetu, mjane aliyekuwa akiwakanda wanawake waliojifungua na watoto wachanga. Siku moja bombani, mbele ya watu, alimwekea Rama kiganja begani akakiacha hapo kitambo.

"Mjukuu wangu," akasema, "ukiendelea kujikunja hivi, mkono huu utagoma. Ulegeze."

Rama akacheka. "Bibi, mkono huu unabeba gunia la mpunga. Utagoma kwa nani?"

"Haya. Mimi nimesema."

Mwezi haukuisha, mkono ukagoma.

Sasa unaelewa, mwanangu. Alimgusa, akasema, ikawa. Tingatinga ndiye aliyekuwa wa kwanza kuyaunganisha, akiwa amekaa juu ya lile benchi la mazoezi. "Lisemwalo lipo, kama halipo laja," alisema. "Rama, wewe unatafuta dawa ya maumivu, na aliyekufunga unamwamkia kila asubuhi. Kikulacho ki nguoni mwako."

Rama alikuwa na sababu za kuogopa. Kuli asiyeweza kuinua mkono si kuli, na kwenye ule mstari wa alfajiri tayari alikuwa amerudishwa. Usiku alilala kwa kukaa. Hofu, mwanangu, haipendi kukaa bila jina. Ikikosa jina lake, huazima la jirani.

Nikaanza kuona mambo madogo. Mama, aliyekuwa akiomba moto kwa Bibi Mwasiti jiko letu likizimika, alianza kununua kiberiti. Bombani wanawake walivuta ndoo zao karibu na miguu yao alipofika. Watoto waliokuwa wakimkimbilia sasa walimwamkia shikamoo kutoka mbali, harakaharaka, kama watu wanaotupa kitu wasichotaka kukishika. Naye aliitikia marahaba ileile, kwa sauti ileile, akiwatazama wanavyopotea kwenye kona. Nadhani alijua kabla yetu sote. Mzee anayeishi peke yake huisikia hofu ya watu kama mkulima anavyoisikia mvua.

Ijumaa moja alasiri nilikuwa nafua nyuma ya nyumba. Wao walikuwa upande wa pili wa uzio wa makuti, hawakujua kwamba nipo.

"Jumapili asubuhi," nilimsikia Tingatinga. "Watu wengi wako kanisani, mtaa umetulia. Tunamwambia afungue alichokifunga. Basi."

"Na akisema hajafunga kitu?" Hiyo ilikuwa sauti ya Rama.

"Wote husema hivyo."

Halafu mmoja akauliza ni nani bado ana mafuta ya taa nyumbani.

Nguo ilinitoka mkononi ikazama kwenye beseni. Tulikuwa tumesikia habari za kikongwe mmoja wa kijiji cha mbali ambaye paa lake liliwaka akiwa ndani, na waliosimulia walisimulia kwa utulivu, kama habari za mavuno. Nilimwendea mama. Mama aliniambia nisiingilie mambo ya wanaume, lakini alikuwa akifagia tena ua aliokwisha kuufagia, nikajua kwamba naye haogopi uchawi tu. Anaogopa mwanawe atakuwa nani ikifika Jumapili mchana.

"Basi niende kwa mjomba," nikamwambia. "Mgonjwa akilemewa, mjomba huitwa. Hilo si kuingilia."

Alinitazama sana. "Nenda," akasema. "Na usichelewe."

Jumamosi nilipanda lori la matofali hadi Mikumi. Mjomba Lugendo, kaka mkubwa wa mama, alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye genge la kutengeneza reli, ile njia inayotoka Kilosa kupita Mikumi kwenda Kidatu. Alikuwa mzee, lakini umri haukuwa umemkunja. Nilimwamkia, nikamweleza yote. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliuliza swali moja tu.

"Rama akisimama, viganja vyake vinatazama wapi?"

Nilishtuka, maana sikuwahi kumwambia mtu. "Nyuma, mjomba."

"Mm. Tunaondoka alfajiri."

Lakini alfajiri ya Jumapili gari tulilopata lilipofika porini, dereva alizima injini. Tembo walikuwa wakivuka barabara, wakubwa kwa wadogo, bila haraka hata kidogo. Jua likapanda. Jike mmoja alisimama katikati ya barabara akatugeukia, masikio wazi, na abiria wote tukaacha kupumua. Mimi sikuwa nikimwogopa yeye. Nilikuwa nikiliona dumu la mafuta ya taa likipitishwa kutoka mkono hadi mkono.

"Mjomba, tutachelewa."

"Tembo hasukumwi, Zaina. Omba Mungu, na unyamaze."

Tulipofika Kilosa nilikimbia mbele. Walikuwa tayari uani kwa Bibi Mwasiti, mbele ya mlango uliofungwa. Tingatinga mbele, wengine nyuma yake, Rama pembeni, mkono wake umelala tumboni kama mtoto. Dumu lilikuwa chini kando ya mguu wa mtu. Ndani tulimsikia bibi akikohoa. Tingatinga alikuwa anapiga mlango kwa kiganja, si kwa nguvu. Anapiga, anangoja. Anapiga, anangoja. Mpaka leo nikisikia mtu akibisha hodi hivyo, moyo hunipasuka.

Mjomba alifika akihema kidogo. Hakupaza sauti. Alisimama kati yao na mlango, akaweka mikono nyuma, akawatazama mmoja mmoja.

"Sijaamkiwa," akasema.

Mwanangu, wewe unajua kwetu salamu ilivyo. Mtu anaweza kuwa na hasira ya moto, lakini mzee akisimama mbele yake akingoja shikamoo, ulimi huwa na mazoea yake. Mmoja akasema, "Shikamoo mzee." Wa pili naye. Ikabidi wote. Na mjomba akaitikia kila mmoja marahaba yake, polepole, akiuliza huyu ni mtoto wa nani, huyu wa kwa nani, babu yake alikuwa reli au alikuwa mashamba ya mkonge. Alipomaliza, wale hawakuwa kundi tena. Walikuwa watoto wa watu.

"Tumekuja kwa shida ya Rama," Tingatinga akasema. "Kikulacho ki nguoni mwako, mzee."

"Hilo ni neno la kweli. Basi Rama, vua nguo tukione."

Rama akasaidiwa kuvua shati. Mjomba akamwambia asimame, mgongo kwenye ukuta wa bibi, visigino, makalio na kichwa viguse udongo. Kisha akamwambia aguse ukuta kwa mabega. Hayakugusa. Ungeweza kupitisha kiganja nyuma yake.

"Mnaona? Amekunjwa," Tingatinga akasema.

"Naona. Sasa wewe."

"Mimi siumwi."

"Kwani nimekuuliza? Vua."

Tingatinga alivua. Akajibandika ukutani kwa kishindo, kichwa, makalio, visigino. Mabega yake yalikaa mbali na ukuta kuliko ya Rama. Mjomba akamwambia ainue mikono juu, viganja viguse ukuta nyuma ya kichwa. Alijitahidi hadi mishipa ya shingo ikatoka, mgongo ukapinda kama upinde, viganja havikufika.

"Legeza tumbo, Tingatinga, linakutangulia Morogoro," mwenzake mmoja akasema, akacheka kwa pua.

"Na wewe unayecheka, njoo," mjomba akasema. Wote walipita kwenye ukuta ule. Hakuna hata mmoja aliyegusa.

"Bibi Mwasiti alikushika wewe?" mjomba akamuuliza wa kwanza. Hapana. "Na wewe?" Hapana. "Basi huyu ni mchawi wa ajabu. Anaroga hata wasiopita kwake."

"Mzee, uchawi haupimwi ukutani," Tingatinga akasema, na sauti yake bado ilikuwa na ukali.

"Kweli kabisa. Na mimi sijapima uchawi. Nimepima mabega." Hapo ndipo alipowakemea, na hakuinua sauti hata wakati huo. "Ninyi mnavuta kamba upande mmoja tu, kila siku, halafu kaka yenu akianguka mnatafuta aliyemsukuma. Kwenye genge tulikandamiza mitaimbo kutwa, tukiinua reli na kusogeza mataruma. Nyapara wetu alikuwa na desturi: kila reli ikikaa, kila mtu anapitisha mpini wa sururu nyuma ya mgongo, viwiko vinaukumbatia, kifua kinafunguka, tunapumua. Asiyefanya hakupewa kazi ya mchana. Tulimwona mwendawazimu. Leo niulizeni wale waliomkwepa wako wapi, nitawaonyesha fimbo wanazotembelea."

Mjomba akainama akaliokota lile dumu yeye mwenyewe.

"Nipeni mkono huu wa Rama," akasema. "Nikishindwa, njooni Mikumi na dumu lenu. Mlango wangu unajulikana."

Wakaondoka. Lakini usidhani hofu iliondoka nao. Ilibadilika tu ikawa ya kungoja, na ya kungoja ndiyo ndefu. Sasa maisha ya watu wawili yalining'inia kwenye bega moja.

Mjomba alimpeleka Rama hospitali huko Mikumi, kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Mtaalamu alimpima akasema hakuna kilichovunjika. Misuli ya kifua imekaza na kufupika, ya nyuma imedhoofika, na bega limekosa nafasi ya kupita. Akamweleza jambo ambalo mjomba alilijua kwa mikono tu: msuli wa upande mmoja unapofanya kazi, wa upande wa pili huachia ili kuupisha mwenzake. Kwa hiyo ujenge mmoja, kisha umnyooshe mwenzake wakati bado amelegea.

Rama akafunga mpira wa ndani wa tairi kwenye nguzo ya nyumba. Aliuvuta kuelekea kwake, viwiko vikirudi nyuma, mabapa ya mabega yakikutana. Akimaliza tu, alikwenda kwenye fremu ya mlango, akaweka mikono pande mbili, akaegemea mbele taratibu mpaka kifua kikafunguka, akapumua hapo bila kujirusharusha. Kisha anarudi kwenye mpira. Mama alichora alama ya mkaa ukutani pale kidole chake kilipofika.

Alama ilipanda. Halafu ikasimama. Siku nyingi ikakaa mahali pamoja, na Tingatinga akawa anapita, anaitazama, anaondoka zake. Niliiogopa ile alama kuliko nilivyomwogopa yeye. Mwishowe ikajulikana kwamba Rama, kwa pupa, alikuwa akirudia zege kwa siri. Mama hakupiga kelele. Alimwambia, "Mwanangu, mkono ni wako, lakini bega hilo amelikalia bibi wa watu." Rama aliyabeba makopo yake mwenyewe, akayazika kwenye shimo la taka.

Mvua za kwanza zilipoanguka, aliinua mikono yote miwili akashika boriti ya paa, akaning'inia. Tingatinga alikuwepo. Alishusha pumzi, kisha akauliza kama ule mpira unaweza kumvuta mtu mnene.

Bibi Mwasiti hakuuona mkono ule ukipanda. Alikuwa ameshahamia kwa binti yake, kule Chanzuru. Rama alimfuata huko kumwomba radhi, nami nilikwenda naye. Alitupokea vizuri, akatuandalia chakula, akamshika bega na kusema limelegea. Rama alipolia, alimwambia, "Nimekusamehe, mjukuu wangu. Lakini siku ile nilikuwa nyuma ya mlango nasikiliza sauti, nikaitambua ya kwako." Hakurudi kuishi mtaani kwetu mpaka alipokufa, na nyumba yake ilibomoka kwa mvua.

Sasa sikiliza nasaha yangu, mwanangu, na uwapelekee wenzako.

Ukisukuma, vuta pia. Ukimaliza kuvuta, nyoosha kifua. Ukikunja mkono kuinua chuma, ukimaliza unyooshe mpaka mwisho wake. Ukijenga mapaja ya mbele kwa kuchuchumaa, upe nafasi na msuli wa nyuma ya paja: weka kisigino mbele, inama taratibu, pumua. Ukikaza tumbo, mgongo nao una haki yake. Nyoosha mwili ukiwa na joto, usijirushe, wala usishindane na maumivu, maana kunyoosha si kupigana. Na kiungo kikigoma, usijitibu kwa simu wala kwa maneno ya vijiweni. Nenda hospitali upimwe, kwani si kila bega ni bega la Rama.

Hilo ni la mwili. La pili ni zito zaidi. Maumivu yakikupata, anza kwa kujiuliza wewe umeufanyia nini mwili wako kabla hujauliza jirani amekufanyia nini. Nyani haoni kundule. Aliyekuonya kwamba utaanguka hakukuangusha. Na mtu akikuletea hofu yake akitaka uipe jina la mzee asiye na mtu, iache mikononi mwake, hata akiwa rafiki yako, hata akiwa na nguvu kuliko wewe.

Mungu akupe nguvu ya kubeba na wepesi wa kulegea. Akupe mabega yanayofunguka, na usingizi wa kulala chali. Na popote utakapoishi, akujalie jirani mzee anayesikia hatua zako zikipita nje ya mlango wake, akaendelea na kazi yake. Amina.